Chozi na mpingo: maswali yenu kuhusu ndege wa gramu 10 na mti wa miaka 70

Kwenye misitu ya miombo na vichaka vya pwani wawili hawa hukaa mahali pamoja: chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda na manyoya yanayong'aa, na mpingo, mti wa miiba usio mrefu wenye kiini cheusi kinachozama majini. Maswali mliyotuma yanamhusu mmoja, au mwingine, au wote. Tumelinganisha kila palipokuwa na faida ya kulinganisha.

Swali: Ndege na mti hulinganishwa vipi? Vina nini cha pamoja zaidi ya kuwa hai?

Anza na mizani. Chukua kipande cha kiini cha mpingo kilichokauka, sentimita 2 kila upande. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 8. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina kilo 1,200 au zaidi, kwa hiyo kipande hicho kitakupa gramu 10 hivi. Chozi mzima, na manyoya yake, mdomo wake na moyo wake unaodunda, ana uzito huohuo. Spishi nyingi za kwetu ziko kati ya gramu 6 na 15. Ukishika kipande hicho mkononi umeshika uzito wa ndege, ila kimoja ni kigumu kuliko karibu kila ubao utakaoupata kwa fundi seremala, na mwingine ni mwepesi hata hulala usiku juu ya kijiti kisichozidi unene wa kalamu bila kukipinda.

Kisha angalia saa zao. Yai la chozi huatamiwa siku 13 hadi 15. Kinda hukaa kiotani wiki mbili hadi tatu, huruka, na msimu unaofuata huenda naye anataga. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa kwa mbao. Wakati mpingo mmoja unapokua hadi hapo, makumi ya vizazi vya chozi vimeshapita juu ya matawi yake. Tofauti hii ya saa ndiyo inayoamua karibu kila jibu lililo hapa chini: namna ya kuwatunza, namna ya kuwapoteza, na muda wa kuwarudisha.

Kwa ukoo hawana undugu wowote. Chozi ni wa familia Nectariniidae, ndani ya kundi kubwa la ndege waimbao pamoja na shomoro na chiriku. Mpingo, kwa jina la kisayansi Dalbergia melanoxylon, ni wa familia ya mikunde, ndugu wa maharage na kunde. Ukilitazama tumba lake bapa lililokauka, lenye mbegu moja au mbili ndani, utaliona hilo waziwazi.

Swali: Kwa nini chozi dume hubadilika rangi akigeuka, lakini mpingo ni mweusi kutoka kila upande?

Kwa sababu rangi ya chozi nyingi si rangi kwa maana ya rangi ya kupaka. Ndani ya vinyuzi vidogo kabisa vya unyoya kuna vibamba vya melanini, kemikali ileile inayozipa nywele zetu weusi, vimepangwa tabaka juu ya tabaka kwa nafasi zilizo sawa. Mwanga ukigonga tabaka hizo, mawimbi ya rangi moja hurudi yakiwa na nguvu na mengine hufutana. Pembe ya kutazama ikibadilika, rangi inayorudi nayo hubadilika. Ndiyo maana dume yuleyule huwa kijani juani, samawati akiinama, na mweusi kabisa akiingia kivulini. Mpotezee mwanga na umempotezea pambo lote.

Sehemu za njano na nyekundu za tumbo na kifua ni habari nyingine. Hizo ni rangi halisi, nyingi zikitokana na karotenoidi, kemikali za rangi ya njano na nyekundu ambazo asili yake ni chakula, na hazibadiliki ukizungusha kichwa. Mtazame kwa darubini chozi mwenye kifua chekundu, Chalcomitra senegalensis: ndani ya ule wekundu utaona vidoa vya samawati vinavyowaka na kuzima anapopumua. Aina mbili za rangi ziko katika unyoya mmoja.

Weusi wa mpingo huja kwa njia tofauti kabisa. Mti mchanga una mbao nyeupe ya rangi ya maziwa mgando, ndiyo inayopandisha maji. Kadiri miaka inavyopita, chembe za ndani hufa, na kabla ya kufa huzijaza kuta na mishipa yake kemikali nzito za asili ya fenoli. Huo ndio ulinzi wa mti: mchwa hapendi, kuvu hupata taabu, maji hayapenyi kwa urahisi. Mbao nyeupe iliyobaki nje ni ganda jembamba, mara nyingi la sentimita moja tu. Kiini kipya kilichokatwa leo si cheusi kamili. Kina zambarau iliyoiva na michirizi myeusi, na hukolea kadiri kinavyokaa hewani.

Hapo ndipo mlinganisho unapopendeza zaidi. Kuna chozi wa misitu ya miombo, Chalcomitra amethystina, ambaye dume wake ni mweusi mwili mzima, ana paji la kijani na koo la zambarau. Ukimwona kwenye tawi la mpingo utadhani amechongwa humohumo. Lakini zambarau ya koo lake ni ya mwanga na itafifia jua likizama, ilhali zambarau ya mti ni ya kemikali zilizowekwa humo miaka mingi kabla ndege huyo hajaanguliwa.

Swali: Je, chozi hunywa maji matamu ya maua ya mpingo?

Si mti anaoutegemea. Maua ya mpingo ni meupe, madogo, yenye harufu nzuri, na hukaa kwa vishada vilivyosongamana. Ua la namna hiyo linamwita nyuki. Mbochi yake, yaani hayo maji matamu, ni kidogo na iko karibu, haihitaji mdomo mrefu. Chozi hufuata maua ya bomba, hasa mekundu na ya chungwa: mshubiri, mbambangoma, na mengineyo yanayotoa mbochi nyingi bila kujali harufu, kwa kuwa ndege huyu huongozwa na macho.

Hata hivyo utamkuta kwenye mpingo mara nyingi, na si kwa bahati. Vishada vya maua vinajaa wadudu wadogo, na chozi hula wadudu na buibui kila siku. Makinda ndiyo zaidi, kwa sababu sukari haijengi misuli wala manyoya. Miiba ya mpingo pia humfaa anayetaka kuning'iniza kiota mahali ambapo mnyama wa kupanda mti atasita.

Anayefanya kazi halisi na chozi ni mmea kimelea unaoota juu ya matawi ya miti ya porini, wa familia Loranthaceae, wenye maua mekundu kama vijiti vya kiberiti vilivyovimba. Ua lililokomaa halifunguki lenyewe. Linabaki limejikaza, na upande mmoja hupasuka vijitundu virefu vyembamba. Chozi huingiza ncha ya mdomo kwenye kijitundu na kusukuma kidogo. Ua hulipuka: petali hurudi nyuma kwa ghafla, vishikio vya chavua hujikunja kwa nguvu, na chavua humrukia ndege usoni. Anakunywa, anakwenda kwenye ua jingine, na chavua inasafiri naye. Ukiona chozi mwenye unga wa manjano kwenye paji, jua ametoka kwenye kazi ya namna hiyo.

Swali: Kwa siku moja chozi anahitaji maua mangapi?

Kuna kipimo kizuri kutoka Kenya. Watafiti wa ndege Frank Gill na Larry Wolf waliwafuatilia chozi wa mabawa ya dhahabu, Drepanorhynchus reichenowi, na mwaka 1975 walichapisha walichokiona. Ndege hao walikuwa wakilinda maeneo yenye maua ya Leonotis, mmea wa maua ya bomba ya rangi ya chungwa. Ukubwa wa eneo ulitofautiana sana, kuanzia mita chache za mraba hadi zaidi ya 2,000, lakini idadi ya maua ndani ya eneo ilikuwa ileile kwa makadirio: kama 1,600. Yaani ndege hapimi ardhi, anapima mbochi. Maua yakisongamana, analinda kiduchu. Yakitawanyika, anapanua mipaka.

Kwa mwenye bustani somo lake ni hili: vichaka vitatu vya mmea uleule vilivyopandwa pamoja vina maana kwa chozi kuliko mmea mmoja mmoja uliotapakaa uwanjani. Na panda aina zinazopokezana kuchanua. Bustani inayowaka mwezi mmoja na kukauka miezi kumi na moja haimshiki ndege.

Swali: Tunaweza kumwekea maji ya sukari? Tupeni vipimo.

Mnaweza, kama nyongeza, si badala ya maua. Sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa sehemu 4 za maji: kijiko kimoja kwa vinne, au kikombe kwa vikombe vinne. Chemsha maji, koroga sukari iyeyuke, acha yapoe kabisa. Usitumie asali, kwa sababu ikichanganywa na maji huchacha upesi na kukuza kuvu. Sukari guru ina madini mengi yasiyomfaa ndege mdogo. Usitie rangi ya chakula. Funga utepe mwekundu kwenye chupa, unatosha.

Chozi hupenda kunywa akiwa ametua, kwa hiyo weka kijiti cha kutua sentimita 5 hivi chini ya tundu. Chupa ndogo ni bora kuliko kubwa. Kwenye joto la pwani maji hayo huharibika ndani ya siku moja hadi mbili, hata kabla hayajabadilika sura. Yakiwa na ukungu, nyuzinyuzi au harufu ya pombe, yamekwisha. Osha chupa kwa maji ya moto na brashi kila unapobadilisha; sabuni ikitumika, suuza mpaka utelezi wote uishe.

Sisimizi ndio usumbufu mkubwa. Dawa yake ni kikombe kidogo cha maji kilichotobolewa katikati na kuzibwa vizuri pale waya unapopita, kikae juu ya chupa. Sisimizi hashuki kupita maji. Msipake mafuta kwenye waya, yakigusa manyoya ya ndege hayatoki.

Swali: Shikamooni. Nina miche ya mpingo niliyopanda miaka minne iliyopita na haizidi magoti. Kila kiangazi inakauka juu, mvua ikija inachipua tena. Nimekosea wapi?

Marahaba. Huenda hujakosea sana. Mche wa mpingo hujenga mzizi kwanza. Kiangazi kinapokaza, shina changa hufa kwa juu na mzizi hubaki hai. Mvua ikirudi, huchipua. Mchezo huo unaweza kurudiwa miaka kadhaa mpaka mzizi uwe na akiba ya kutosha kusukuma shina moja lipite kiangazi likiwa hai. Kinachourefusha mchezo ni mambo matatu, na inafaa uyakague kwa mpangilio huu.

Kwanza mwanga. Mpingo hautaki kivuli. Mche ulio chini ya mwembe au mkorosho utabaki magotini daima. Kata matawi yanayoufunika au kubali kuuhamisha, ingawa kwa umri wa miaka minne mzizi mkuu umeshazama na kuhamisha kuna hatari kubwa ya kuua.

Pili majani. Nyasi hunyang'anya maji yote ya juu kabla hayajafika kwenye mzizi mchanga. Palilia duara la mita 1 kuzunguka mche, mara mbili kwa msimu wa mvua na mara moja mvua zinapokatika. Palizi hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa huondoa kuni za moto pia.

Tatu meno. Mbuzi na ng'ombe hupenda majani yake machanga. Kagua ncha za vijiti: kama zimekatwa kwa kuchanwachanwa, ni mifugo, kama zimekauka zikiwa nzima, ni kiangazi.

Machipukizi yakiwa mengi, subiri msimu mmoja kamili wa mvua, chagua moja lililonyooka na lenye afya, kisha kata mengine karibu na ardhi. Ukichagua mapema mno unaweza kulibakiza lile litakalokufa. Katika kiangazi mbili za mwanzo tangu kupanda, lita 5 hadi 10 za maji kwa wiki kwa kila mche huleta tofauti inayoonekana. Na usikate tamaa na miche hiyo. Mizizi ya miaka minne ni mali.

Swali: Na anayeanza na mbegu afanyeje?

Chuma matumba yakiwa ya kahawia na makavu, yangali mtini. Yaliyoanguka mara nyingi yameshaingiliwa na bungua. Angalia tundu dogo la mviringo kwenye tumba. Likiwepo, mbegu ya chini yake imeliwa. Vunja matumba kwa vidole, kwa sababu kutwanga hupasua mbegu, ambayo ni bapa na nyepesi.

Loweka mbegu kwenye maji ya kawaida kwa saa 12 hadi 24. Hazihitaji maji ya moto wala kukwaruzwa kama mbegu nyingine za mikunde zenye ganda gumu. Watu wengi huziua kwa kuzimwagia maji yanayochemka. Zinazoelea baada ya kukorogwa na kuachwa usiku kucha kwa kawaida ni tupu.

Viriba vya upana wa sentimita 10 na kina cha 20 vinafaa kuliko vifupi, kwa sababu ya ule mzizi mkuu. Udongo: debe 3 za udongo wa juu, debe 1 ya mchanga, debe 1 ya samadi iliyooza kabisa. Changanya na ndoo moja ndogo ya udongo uliochukuliwa chini ya mpingo mkubwa. Udongo huo una bakteria wanaotengeneza vinundu kwenye mizizi na kuupa mti naitrojeni. Kitalu kilichokosa bakteria hao hutoa miche ya njano inayosuasua. Panda mbegu mbili kwa kiriba, kina kisichozidi sentimita 1, na funika kwa kivuli chepesi cha makuti.

Zitaanza kuota wiki ya pili au ya tatu. Hata mbegu nzuri, tegemea nusu hivi ziote. Ondoa kivuli pole pole kuanzia mwezi wa pili. Kila baada ya wiki 3 au 4 inua viriba na kata mizizi inayotoboa chini. Mtu asiyefanya hivyo atang'oa miche siku ya kupanda, mzizi mkuu utabaki kwenye kitalu, na shambani miche itakauka ndani ya mwezi.

Panda shambani mvua zikishatulia, ardhi ikiwa imelowa hadi kina cha mkono. Shimo la sentimita 45 kila upande linatosha.

Swali: Chozi dume anagonga kioo cha gari langu tangu alfajiri. Ana wazimu?

Hana. Anaona dume mwingine ndani ya eneo lake. Funika vioo vya pembeni kwa soksi au mfuko wa kitambaa kwa wiki mbili tatu, mpaka msimu wa kutaga upite. Kwa dirisha la nyumba, paka sabuni ya kipande kwa nje pale anapogonga ili lisiakisi.

Swali: Kuna kiota kimening'inia kwenye waya wa baraza. Kinafanana na takataka zilizonaswa. Nikihamishe?

Kiache. Kufanana na takataka ndiyo ufundi wake. Jike hukijenga karibu peke yake: nyuzi za majani makavu, vipande vya magome, nyoya na sufi ndani, na vyote vimeshonwa kwa utando wa buibui. Tundu liko ubavuni, na spishi nyingi huliwekea kipaa kidogo juu kama kibaraza. Chini huachwa mkia wa vijiti na majani unaoning'inia ovyo. Utando huo hunyumbuka, kwa hiyo mfuko hutanuka makinda mawili yanapokua badala ya kupasuka. Anayefagia kila buibui kwenye dari na ua wote amemnyima chozi saruji na chakula cha watoto kwa pigo moja.

Kikianguka kwa upepo na makinda yangali hai, weka kiota chote ndani ya kikapu kidogo, kifunge ndani ya mita moja au mbili kutoka kilipokuwa, tundu likielekea upande uleule. Sogea mbali, tazama kwa saa mbili. Wazazi hurudi. Harufu ya mikono yako haiwafukuzi. Hiyo ni dhana iliyoenea bila msingi.

Mkiona kinda mmoja mkubwa peke yake, anayelishwa na chozi mdogo kuliko yeye, huyo ni mtoto wa kekeo. Kekeo wa Klaas hutaga kwenye viota vya chozi na kinda wake huwatupa nje mayai au makinda ya wenyewe. Inauma kutazama, lakini ni ndege wa hapa vilevile na hana njia nyingine ya kuzaa.

Swali: Nitajuaje kinyago ni cha mpingo na si mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu?

Geuza kinyago, tazama chini ya miguu na ndani ya matundu, mahali ambapo brashi huchoka. Mpingo wa kweli huonyesha zambarau ya kahawia yenye michirizi, si weusi wa mkaa uliolingana kila mahali. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo ya kupikia. Rangi ya viatu itaachia doa jeusi na harufu yake. Pima uzito mkononi: kinyago cha ukubwa wa ngumi kitakushangaza. Kipande kidogo kikitiwa kwenye bakuli la maji kizame moja kwa moja. Wachongaji wengi, Wamakonde wakiwemo, huacha kwa makusudi ukanda wa mbao nyeupe ya nje, na ukanda huo ni ushahidi mzuri kwa sababu mpaka kati ya nyeupe na nyeusi ni mkali na haufuati mstari wa brashi.

Nyufa zina sababu yake. Mpingo hukauka polepole mno, na ncha za gogo hukauka kabla ya katikati. Ncha zikijivuta na katikati ikigoma, mti hupasuka. Ndiyo maana gogo likikatwa leo, ncha zipakwe nta leo hiihii, likae kivulini, lisilazwe juani wala juu ya saruji yenye joto. Kinyago kilichochongwa mbichi pwani kisha kikahamia chumba cha kiyoyozi kitapasuka ndani ya miezi michache. Kiweke mbali na dirisha lenye jua, futa kwa kitambaa kikavu, paka tone la mafuta mara mbili kwa mwaka.

Kwa wanaochonga: vaeni barakoa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi, macho na kifua, na mwili ukishaanza kulikataa huendelea kulikataa.

Swali: Nikisafiri na kinyago nitasumbuliwa? Na naweza kufuga chozi?

Jenasi yote ya Dalbergia iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuanzia Januari 2017. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika hazihitaji kibali cha CITES, na bidhaa nyingine zilizokamilika haziguswi mradi mbao zisizidi kilo 10 kwa mzigo. Tunza risiti, kwa sababu taratibu za nchi unayotoka zinabaki palepale. Kukata mpingo Tanzania ni kwa leseni, hata uwe umeota shambani kwako.

Chozi asifugwe. Kumkamata porini bila kibali ni kosa, na akifungiwa tunduni hufa kwa njaa iliyojificha: anakunywa sukari, anakosa buibui, misuli inaisha. Pandeni mshubiri, atakuja mwenyewe.

Swali: Moto ukipita msituni, nani hurudi kwanza?

Chozi, tena haraka. Mkubwa huruka, hupoteza kiota na pengine msimu mmoja, na maua yakirudi hurudi naye.

Mpingo hutegemea umri na mwezi. Mti mkubwa huvumilia moto kuliko miti mingi jirani. Lakini moto mkali wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka hadi shinani, huunguza ganda la chini na kufungua kidonda. Kuvu huingia hapo, na kiini huoza polepole kwa ndani. Mti unaendelea kuchanua, na atakayeukata miaka 30 baadaye atakuta bomba. Miche huungua yote hadi ardhini na kuanza upya kutoka mzizini, hivyo msitu unaochomwa kila mwaka unaweza kuwa na mipingo mingi hai isiyopata kuwa miti.

Vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao, ambavyo vilianza kupata uthibitisho wa FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009 na kuuza mpingo kwa utaratibu, vina faida ya kuwa na mtu wa kuangalia. Penye kusimamiwa, choma mapema, mvua zikishakatika na nyasi zingali na unyevu chini: moto huwa mfupi, hupita asubuhi na hufa wenyewe jioni. Kabla ya kuwasha, zunguka mipingo michanga na jembe, fyeka mita 2 kila upande, na kagua vichaka vyenye miiba. Ukiona mfuko mdogo wenye tundu ubavuni na jike anayeingia na buibui mdomoni, zungusha kinga hapo pia na uache kichaka hicho.